Pizza bora ya Malindi: kwanza ujue nani yuko tanurini

Msomaji ameandika:

«Assalaam aleikum ami. Nakuandikia kutoka Shella, hapa hapa Malindi. Mwezi wa nane dada yangu anarudi kutoka Muscat na wanawe watatu, na nimewaahidi usiku mmoja wa pizza. Sasa nyumba imegawanyika. Mjomba hataki kusikia ila ya mbele ya bahari, I Love Pizza, anasema ndiyo ya asili. Mume wangu asema twende Barabara ya Lamu, kuna tanuri mpya. Binamu yangu ametuambia sote hatujui kitu, pizza iko Watamu. Pesa nilizoweka ni za usiku mmoja tu, sitaki kubahatisha. Ipi ni bora, na nitajuaje? Tafadhali nieleze na habari ya nyama, maana dada hatii mdomoni kitu chenye shaka.»

Waaleikum salaam mwanangu, na dada afike salama.

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Wapeleke mbele ya bahari kama mjomba anavyotaka. Nendeni Jumanne au Jumatano, mkishaswali Magharibi, muwe mmekaa mezani saa moja na robo. Lakini siku mbili kabla, pita pale mchana, umuulize yeyote utakayemkuta akifagia: usiku nani anashika tanuri, naye yuko hapo tangu lini? Ukiambiwa ni mtu wa msimu wa pili au wa tatu hapo hapo, weka meza. Ukiambiwa amekuja juzi, au wakaanza kutazamana, chukua swali hilo hilo uende nalo Barabara ya Lamu, umpe mumeo nafasi yake.

Najua ulitaka jina moja ulishike, basi. Mimi nimesimama mbele ya tanuri za kuni za mji huu miaka 19. Nilianzia kupasua kuni na kuzoa majivu, nikapita jikoni sita, na sasa nafundisha vijana. Katika miaka hiyo sijaona jina la mlangoni likioka kitu. Pizza ya Malindi iko mikononi mwa wapishi wake, na wapishi wake wanahama.

Mji wetu unaishi kwa misimu, wewe mwenyewe unajua. Waitalia hujaa Desemba na Januari, wakarudi tena Julai na Agosti. Masika yakishuka, Aprili mpaka Juni, mikahawa mingi hufunga na vijana hurudi makwao Ganda, Kakuyuni, Marafa, wakalime mahindi. Msimu ukifunguka hakuna ahadi kwamba kila mmoja atarudi kwenye tanuri aliyoiacha. Mwenye mkahawa huyu kauza akaenda zake Italia, yule kakodisha, na wa tatu kamvuta mpishi wa jirani kwa nyongeza ya mshahara. Ubao wa nje ni ule ule, viti ni vile vile, orodha ya vyakula haikuguswa hata herufi. Aliyeondoka ni mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa pizza yenyewe. Nina mwenzangu mmoja wa Ganda niliyemwona katika tanuri nne tofauti, na wako Waitalia wazee wanaomfuata kila aendako, kama watu wanavyomfuata fundi wao wa kushona. Hao huwasikii wakibishana juu ya mikahawa. Wanaulizana: yuko wapi sasa?

Kwa hiyo mjomba akisema ya mbele ya bahari ni ya asili, muulize aliila mwaka gani. Simaanishi kwamba amekosea. Jina hilo la I Love Pizza, pale kwenye barabara ya Vasco da Gama, ndilo watu hulitaja kwanza tangu mimi kijana. Ninachosema ni kwamba pizza aliyoipenda mwaka ule ilikuwa na mtu nyuma yake, na ni haki yako kuulizia kama yupo.

Wengi hudhani ufundi huu uliletwa na watalii. Kabla ya hoteli za Waitalia kulikuwa na Ngomeni, kijiji cha pwani kaskazini ya Malindi. Miaka ya 1960 Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma waliweka majukwaa baharini pale, la kurushia wakaliita San Marco, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha kutoka hapo setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine, ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa sababu siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Wahandisi na mafundi hao walikula, walipumzika Malindi, walirudi kwao wakasimulia. Hoteli na mikahawa yao ikafuata, na kila mwenye mkahawa alihitaji vijana wa kumsaidia jikoni. Vijana hao walikuwa wetu: Wagiriama, Waswahili wa Shella na Barani, Wabajuni, baadaye Wakamba na Wajaluo. Hatukupewa cheti. Ulisimama kando ya mtu, ukatazama mikono yake, ukapigwa kelele kwa Kiitalia mpaka ukakijua Kiitalia.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Roma, wa pili alikuwa wa Napoli, nao hawakukubaliana hata juu ya chumvi. Hapo ndipo ulipo ugomvi wa kweli wa pizza, na nina hakika nusu ya ubishi wa nyumbani kwenu unatoka hapo bila ninyi kujua.

Pizza ya Napoli ina sheria zilizoandikwa. Chama cha watu wa Napoli wanaolinda pizza yao, kilichoundwa 1984, kinataka donge la unga la gramu 200 hadi 280, tanuri ya nyuzi 430 hadi 480 hivi, na pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Sekunde, si dakika. Ukingo wake hufura sentimita moja au mbili, na katikati hubaki laini kabisa, unaikunja mara nne kama chapati ya maji. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Pizza ya Roma ni nyingine. Husukumwa nyembamba mpaka karibu uione meza chini yake, hukaa motoni muda mrefu zaidi katika joto la chini kidogo, na ukiivunja inalia. Watu wa hapa wakisema «wametuletea mbichi», mara nyingi wameletewa ya Napoli. Wakisema «imekauka kama kigae», wameletewa ya Roma. Wote wawili wameletewa walichokiagiza.

Mimi nina upande wangu na sitauficha. Kwa pwani hii nachagua ya Roma. Ya Napoli naipenda mno, lakini ni chakula cha kuliwa papo hapo, mbele ya tanuri, kabla hujavuta kiti. Hewa yetu ina maji. Upepo wa kusi wa Agosti unapita juu ya bahari ukafika mezani umebeba unyevu, na pizza laini ikikaa dakika tano huku watoto wanagombania soda, katikati inalegea na nyanya inateremka kwenye sahani. Ile nyembamba kavu inastahimili. Kama wana wa dada yako wamezoea zile pizza nene za Kimarekani, zinazookwa ndani ya sinia la chuma na kufunikwa jibini mpaka hulioni donge, waambie mapema kwamba hapa watakula kitu kingine, chepesi, na mmoja anaweza kumaliza nzima.

Sasa donge lenyewe, maana hapo ndipo pizza ya Malindi inapofia au inapopona.

Sheria ya Napoli inasema hivi: kwa lita moja ya maji, unga kilo 1.6 mpaka 1.8, chumvi gramu 40 hadi 60, na hamira mbichi isizidi gramu 3. Mweleze mama yeyote wa mahamri gramu 3 kwa unga wote huo, atakuuliza kama unataka mkate au gundi. Lakini hamira chache na saa nyingi ndiyo siri yote. Unga unapewa muda wa kuumuka polepole, unapata ladha, unapata vile vimatundu, na tumbo halisumbuki. Shida yetu ni joto. Jikoni kwa Malindi usiku wa Februari hapana tofauti na ndani ya sufuria. Donge ambalo kwao lingesubiri kutwa nzima, hapa baada ya saa nne tu limefura, limepasuka, limeanza kunukia kama uji wa jana. Mpishi anayejua kazi hukanda kwa maji ya barafu, usiku, hugawa madonge akayalaza kwenye jokofu, na kesho yake huyatoa saa kumi alasiri yapate kuamka taratibu. Na maji si maji tu. Visima vya mji wa kale vina chumvi, ya mfereji kutoka Baricho haina, kwa hiyo anayetumia kisima bila kupunguza chumvi yake anakulisha chumvi mara mbili.

Niliwahi kufanya kazi mahali fulani, sitapataja, wiki ya mwaka mpya. Umeme ulikatika saa nane mchana ukarudi usiku. Jenereta lilikuwa bovu. Nilipofungua jokofu madonge 80 yalikuwa yameungana yakawa godoro moja, na ukibonyeza kidole kinazama na shimo halirudi. Nilimwambia mwenye mkahawa: leo tuuze tambi, unga huu umekwisha. Akasema wageni wamekuja kwa pizza, ongeza unga mkavu, sukuma kwa chupa, weka jibini zaidi. Nikafanya, kwa sababu nilikuwa na watoto shule. Pizza zilitoka nyeupe juu, zimeungua chini. Unga uliochacha sukari yake imeshaliwa na hamira, haushiki tena ile rangi ya dhahabu hata uchochee moto namna gani. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikata kipande kimoja, akakitazama upande wa chini, akaweka uma chini kimyakimya, akalipa, akaondoka. Mpaka leo nikikanda unga namwona yule mama. Alifanya jambo ambalo nataka nawe ulifanye: aligeuza kipande.

Pizza ikifika, kabla ya kitu chochote, inua kipande kimoja utazame chini yake. Unataka madoadoa ya kahawia na meusi yaliyotawanyika, kama mgongo wa chui, juu ya rangi ya mkate ulioiva. Chini peupe maana yake sakafu ya tanuri ilikuwa baridi, mpishi aliingiza pizza nyingi mfululizo bila kuipa nafasi ipate moto tena. Chini peusi pote maana yake moto ulichochewa kupita kiasi, au unga mkavu uliobaki sakafuni umeungua, na utausikia uchungu wake ulimini. Kisha vunja ukingo, utazame ndani. Ukiona vimatundu vikubwa na vidogo vimechanganyika, unga ulipewa muda wake. Ukiona umeshikana kama mkate wa boflo wa juzi, uliharakishwa. Nusa hapo hapo: harufu iwe ya mkate, isiwe ya siki.

Ndiyo maana nakwambia agizo la kwanza liwe margherita moja, peke yake, muigawane nyote. Nyanya, jibini, majani ya rihani, mafuta ya zeituni. Hapana pa kujificha. Juu ya pizza ya vitu saba hata donge bovu hupita, lakini margherita husema kweli. Ikija nzuri, agizeni zilizobaki. Ikija mbaya, mmepoteza pizza moja, hamkupoteza usiku: hamieni kwenye samaki na wali, mle kwa raha.

Hilo la rihani lina utamu wake kwetu. Waitalia huleta mbegu zao, wakalalamika jua limeziunguza. Na mrehani wetu uko nyuma ya kila nyumba ya Shella na Lamu, wa kutungia vikuba pamoja na asumini, wa kuwekwa kitandani kwa bi harusi. Harufu yake ni kali kuliko wa kwao, ina kama karafuu ndani yake, na ukiutia tanurini unageuka mchungu. Mimi hutia majani mawili matatu baada ya pizza kutoka, joto lake linatosha kuyaamsha. Mzee wangu wa Roma alikataa mwaka mzima. Siku moja rihani yake ilikwisha, akaonja yetu, hakusema kitu, kesho yake akaniuliza nyumbani kwetu kuna miche mingapi.

Kuni pia ni za hapa. Mvinje ndio unaopikia tanuri nyingi: mgumu, unashika moto kwa muda mrefu, unatoa mwali mrefu unaolamba dari ya tanuri, na hauna utomvu wa kunuka. Lakini uwe umekauka miezi. Mvinje mbichi, au ulionyeshewa, unatoa moshi na tanuri haifiki joto. Ukikaa pahali unapoiona tanuri, tazama dari yake ya ndani. Ikiwa bado nyeusi kwa masizi, haijawa tayari. Tanuri iliyopata moto wa haki masizi yake huungua yenyewe, dari ikageuka nyeupe kama imepakwa chokaa. Mpishi anayekuingizia pizza dari ikiwa nyeusi hana subira, na asiye na subira asikae tanurini.

Ndiyo pia sababu ya saa moja na robo. Tanuri ya kuni huwashwa saa kumi hivi ili ifike usiku. Saa moja imetulia, matofali yameshiba moto, mpishi hajachoka na madonge yako katika saa yake nzuri. Waitalia hula kwa kuchelewa, saa mbili na nusu, saa tatu. Wakishafika na Agosti imejaa, karatasi za maagizo zinapangwa kama nguo za kufuliwa, na hata mkono mzuri kabisa huanza kulipua kazi. Ijumaa na Jumamosi usiende kabisa.

Twende kwa mumeo. Tanuri mpya si sifa. Tofali jipya na udongo mpya vina maji ndani, na tanuri hutakiwa kuwashwa moto mdogo mdogo siku kadhaa, ukiongezwa kila siku, hadi yatoke yote. Wenye haraka huwasha moto mkubwa siku ya kwanza, dari ikapasuka, na sakafu ikakaa wiki nyingi ikiwa baridi kuliko juu: jibini linaungua, chini pamekuwa peupe. Kama hiyo ya Barabara ya Lamu imeshapita msimu mmoja na haina nyufa, haina ubaya wowote. Ukikuta ni ya gesi, usiidharau. Ina joto lisiloyumba, na donge zuri katika gesi linashinda donge bovu katika kuni kila siku ya Mungu. Itakosa ule ukali wa moshi ukingoni, basi. Barabara ya Lamu ina faida nyingine: mikahawa imekaribiana, jibu lisipokuridhisha kwa huyu unavuka kwa yule.

Binamu naye hakusema uongo. Watamu imejaa Waitalia wakaazi, watu wa kuishi pale mwaka mzima, na mteja anayekula kwako kila wiki ni mkali kuliko mtalii wa siku saba. Nimekula pizza Watamu iliyonifanya nimwombe mpishi anioneshe madonge yake. Lakini ni kilomita kama 25 kupitia Gede, usiku, na watoto watatu waliotoka safari, na gari la kukodi la kuwasubiri litakula bei ya pizza mbili. Kwa mtu anayelala Watamu, sawa. Kwa mtu wa Shella mwenye pesa za usiku mmoja, hapana. Mbele ya bahari mnakwenda kwa miguu, watoto wanakimbia ufukweni huku donge linatandazwa, na dada akitaka Isha msikiti uko karibu.

Na kabla hajatokea wa nne wa kusema Lamu: ndiyo, Shela ya kule na Manda kuna tanuri, na kuna vijana wanaojua. Ila kila mfuko wa unga na kila kipande cha jibini hupanda gari mpaka Mokowe na mashua baada ya hapo, na jibini halipendi safari.

Sasa habari ya nyama, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu wengi huuliza swali moja wakati ni mawili.

La kwanza: nini kiko juu ya pizza? Katika orodha ya Kiitalia, prosciutto, speck, pancetta, salame, salsiccia, yote hayo mara nyingi ni nguruwe. Wurstel, zile soseji za watoto, zinaweza kuwa nguruwe au kuku, lazima uulize. Bresaola ni ya ng'ombe, lakini ng'ombe yupi kachinjwa na nani, hilo ni swali lako wewe. Jibini gumu la kukunwa, kama Parmigiano Reggiano, hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Wanazuoni wana kauli zao kuhusu hilo, na dada kama ni mwangalifu aseme tu asinyunyiziwe. Na katika vyakula vya baharini wako wapishi wanaopitisha ngisi na kamba kwenye mvinyo mweupe kabla ya kuvitia juu ya pizza. Hiyo haiandikwi kwenye orodha. Sema: bila mvinyo, tafadhali, na umwambie mpishi mwenyewe, si mhudumu peke yake.

La pili, ambalo watu husahau: pizza yako inapita juu ya nini? Meza ya kutandazia ni moja. Lile beleshi bapa la kuingizia tanurini, ambalo sisi huliita pala kwa Kiitalia, ni moja. Kigurudumu cha kukatia kimetoka kukata pizza ya salame ya meza ya tatu, kikapanguswa kwa kitambaa, kikaja kwako. Sisemi ili nikuogopeshe. Nimekuwa nyuma ya meza hiyo, naijua. Omba mambo mawili. Kisu kioshwe kwa maji na sabuni, au pizza iletwe nzima muikate wenyewe. Na pala ipanguswe kabla ya yako. Wapishi wengi wa Malindi ni Waislamu au wamekulia na Waislamu. Ukimweleza kwa upole, «kaka, sisi hatuli nguruwe, tusaidie», atakusaidia kwa moyo, nawe utaona anavyobadilisha kisu kabla hujamaliza sentensi. Hapo napo kwenda mapema kunakulipa: saa moja na robo meza bado safi, salame haijakatwa.

Baada ya margherita, chagueni mbili tatu za hapa. Ya kamba wa Ghuba ya Ungwana, wasiwe wengi, waingie tanurini mwishoni ili wasiwe mpira. Ya pweza aliyechemshwa mpaka akalainika, na pilipili na kitunguu saumu, bila jibini kabisa. Waitalia wa zamani hukunja uso wakiona jibini juu ya samaki, na kwa hili niko nao. Kwa watoto, ya viazi kama wanayo, au margherita nyingine. Usiwaruhusu waombe jibini mara mbili. Jibini la kutosha donge jembamba hubeba, likizidi linatoa maji, na chini pale penye madoa ya chui panakuwa uji.

Mbili au tatu zikiwashinda, msizifungie ndani ya boksi zikiwa moto. Mvuke unakosa pa kutokea. Waombe wakupe boksi wazi, ufunike nyumbani. Asubuhi weka kikaango cha chapati juu ya moto mdogo, bila mafuta, tia kipande, nyunyiza maji matone mawili pembeni mwa kikaango, funika kwa dakika tatu. Chini kitalia tena, na jibini litalainika kwa mvuke. Mkile na chai ya tangawizi kabla watoto hawajaamka, maana wakiamka hakibaki.